Rhodesian Ridgeback: maswali ninayoulizwa Tanga kuhusu "mbwa wa simba"

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na watu wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na hata Bagamoyo wanaotaka kufuga Ridgeback, au ambao wameshampata na sasa hawamwelewi. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa. Majibu mengine ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe ni refu. Mengine yanamalizika kwa sentensi mbili.

Ni kweli anaua simba?

Hapana, na ni vizuri swali hili litangulie, maana wengi wanamtafuta kwa sifa hiyo. Dume wa Ridgeback ana kilo 36 na nusu hivi. Simba dume anapita kilo 150. Hapo hakuna pambano.

Kazi yake ilikuwa nyingine. Wawindaji wa kusini mwa Afrika walitoka na kundi dogo la mbwa, wenyewe wakiwa juu ya farasi. Mbwa walifuata harufu, wakamkuta simba, wakamzingira: huyu anabweka mbele, yule anachokoza nyuma, simba akigeuka wote wanaruka kando. Simba anabaki palepale na hasira zake, hajui amkamate nani, mpaka mwindaji anafika na bunduki. Kuua ilikuwa kazi ya risasi.

Sasa fikiria ni mbwa gani aliyerudi nyumbani jioni. Mwoga alikimbia mapema, hakufaa. Aliyejirusha kichwakichwa aliraruliwa. Aliyebaki akazalishwa ni yule mwenye moyo wa kusogea karibu na akili ya kukwepa kabla ukucha haujafika, tena akiamua peke yake, bwana wake akiwa bado yuko mbali huko nyuma. Karibu kila utakachokiona kwa mbwa huyu, cha kukufurahisha na cha kukuudhi, kimetoka hapo. Nitakirudia hadi uchoke.

Asili yake ni wapi hasa?

Mizizi iko Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini ya leo, kwa Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa huko. Walikuwa na mbwa wa kuwinda na kulinda mifugo, na baadhi ya mbwa hao walikuwa na nywele za mgongoni zilizolala kuelekea mbele. Walowezi wa Kiholanzi walipoanza kukaa pale mwaka 1652, wao na Wazungu wengine waliowafuata walileta mbwa wa Ulaya: wa mbio, wa kunusa, na wale wakubwa wa ulinzi. Mbwa hao wakachanganyika na wa wenyeji kwa vizazi vingi, na walowezi wakagundua kwamba damu ya mbwa wa Wakhoikhoi inavumilia jua, kiu na kupe wa Afrika.

Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alipeleka majike wawili wa mchanganyiko huo kituo cha Hope Fountain, karibu na Bulawayo, Zimbabwe ya leo. Mwindaji Cornelius van Rooyen akawazalisha na mbwa wake, akaona watoto wenye mstari mgongoni wanafanya vizuri mbele ya simba, akaendelea na mbegu hiyo. Kwa muda mrefu waliitwa tu mbwa wa Van Rooyen, au mbwa wa simba.

Mwaka 1922, hukohuko Bulawayo, Francis Barnes aliandika kiwango rasmi cha kwanza, yaani maelezo ya jinsi mbwa huyu anavyotakiwa kuwa. Alichukua kiwango cha Dalmatian, yule mbwa mweupe wa madoadoa, akakirekebisha. Chama cha mbwa cha Afrika Kusini kilikikubali mwaka 1926, na Marekani walimsajili mbwa huyu mwaka 1955 katika kundi la mbwa wa kuwindia. Nchi, iliyokuwa ikiitwa Rhodesia, ilibadili jina mwaka 1980, mbwa akabaki na la zamani.

Historia hii husimuliwa kama kazi ya wanaume watatu wa Kizungu. Mimi naona mchango mkubwa ni wa wafugaji wa Kikhoikhoi ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Mstari wenyewe, ambao ndio alama ya mbwa huyu dunia nzima, ulitoka kwenye mbwa wao.

Huo mstari wa mgongoni ni wa nini?

Sio wa kazi yoyote. Ni nywele zilizoota kuelekea kichwani wakati manyoya mengine yote yanaelekea mkiani. Unaanza nyuma tu ya mabega ukiwa mpana, kiasi cha sentimita 5, ukipungua hadi kufikia usawa wa nyonga. Karibu na mwanzo wake kunatakiwa kuwe na mizunguko miwili ya nywele, inayotazamana sawasawa kushoto na kulia.

Usichanganye na manyoya ya hasira. Mbwa yeyote, hata koko wa sokoni Mgandini, akikasirika husimamisha manyoya ya mgongo. Mstari wa Ridgeback upo akiwa amelala usingizi, na mtoto huzaliwa nao. Ukimwangalia siku ya kwanza unauona. Muuzaji akikuambia "utatokea akikua", funga mfuko wako.

Mwaka 2007 watafiti walichapisha chanzo chake: kipande cha vinasaba kilichojirudia, chenye jeni ziitwazo FGF3, FGF4 na FGF19 ndani yake. Nakala moja kutoka kwa baba au mama inatosha mtoto awe na mstari. Mbwa wa namna hii wapo pia Thailand na kisiwa cha Phu Quoc huko Vietnam.

Nimepewa mtoto wa Ridgeback asiye na mstari. Nimetapeliwa?

Si lazima. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja moja ya kipande hicho, wastani wa mtoto mmoja kati ya wanne atazaliwa bila mstari, ingawa ni damu halali. Zamani wafugaji wengi waliwaua watoto hao kwa kuwa hawafai kwenye maonyesho, na hilo lilikuwa jambo la ovyo, maana mtoto huyo ana nafuu moja. Kipande hichohicho kinacholeta mstari ndicho kinachoongeza hatari ya kasoro iitwayo dermoid sinus: kijitundu cha ngozi, chembamba kama uzi, kinachozama kutoka mgongoni au shingoni kuelekea uti wa mgongo. Kinaweza kuziba, kikaoza, na usaha ukafika pabaya. Wenye nakala mbili ndio walio hatarini zaidi.

Kwa hiyo unapokwenda kuchagua mtoto, usibabaishwe na mstari uliochorwa vizuri. Bana ngozi ya shingo kwa vidole, inyanyue, pitisha vidole taratibu kutoka kisogoni hadi mabegani, kisha karibu na mkia. Ukihisi uzi mgumu unaoivuta ngozi chini, mwite daktari wa mifugo kabla ya kulipa. Hutibiwa kwa upasuaji, lakini si upasuaji wa uani.

Ana ukubwa gani, na rangi zipi?

Dume sentimita 63 hadi 69 begani, jike 61 hadi 66 na kilo 32 hivi. Rangi ni ya ngano, kuanzia iliyopauka hadi nyekundu ya udongo. Doa dogo jeupe kifuani au vidoleni si kosa. Pua ni nyeusi na macho meusimeusi, au pua ya kahawia na macho ya rangi ya asali. Ukiuziwa "Ridgeback mweusi" au "wa kijivu", umeuziwa mbwa wa namna nyingine mwenye jina kubwa.

Ni mkali?

Ana staha, na watu wengi wanaiona kuwa ukali. Mgeni akiingia, Ridgeback aliyelelewa vizuri hamrukii, wala hamchangamkii. Anasimama, anamtazama, kama mzee wa barazani anayesubiri salamu ndipo aamue kama atakujibu. Kiwango rasmi kinasema hivyohivyo kwa maneno yake: mwenye heshima, mwerevu, asiyejali wageni, lakini asiye mchokozi wala mwoga.

Kwa watu wake ni mwingine kabisa. Atakuegemea mguuni kwa uzito wake wote, atakufuata hadi mlango wa choo, na ukimpigia kelele atanuna mchana kutwa. Mbwa huyu ana moyo mwepesi kuumia kuliko umbo lake linavyoonyesha. Fimbo humharibu. Ama anakuwa mwoga, na Ridgeback mwoga ndiye anayeuma watu, ama anajifunza kutokukuamini.

Mbona habweki? Nilimnunua awe mlinzi.

Anabweka akiwa na sababu. Mbwa wetu wa mtaani hubweka pikipiki, jirani, mwezi na kivuli. Huyu anakaa kimya, kisha usiku mmoja anabweka mara tatu kwa sauti nzito, na hapo ni busara uamke.

Lakini kama unachotaka ni king'ora cha getini, chukua mbwa wa kienyeji. Nasema hivi bila dharau: anakula kidogo, anayajua mazingira, anabweka vizuri sana.

Na tafadhali, usimfunge Ridgeback mnyororo. Hili ndilo tatizo kubwa ninaloliona kwetu. Mtu wa Raskazone au wa Chumbageni anatoa hela nyingi kwa mbwa wa simba, kisha anamfunga chini ya tangi la maji mchana na usiku "ili awe mkali". Umechukua mnyama aliyezalishwa akimbie maili nyingi nyuma ya farasi na aamue mambo mwenyewe, ukampa mita mbili na hakuna la kuamua. Atachimba, atatafuna mlango, atazungukazunguka hadi atoke vidonda, na siku mnyororo ukikatika hajui nani ni rafiki. Ulinzi wa Ridgeback unatokana na kuwajua watu wake na kujua nini si cha kawaida uani, na hilo hulijua mbwa anayekaa na watu.

Tuna watoto wadogo, kuku, mbuzi na paka. Inawezekana?

Watoto ndiyo, kwa uangalizi. Ni mvumilivu, ila mbwa wa miezi kumi ana nguvu na hana breki. Mtoto wa miaka mitatu ataangushwa bila ubaya wowote.

Kuku na mbuzi inategemea. Akikua nao tangu ana miezi miwili, wale wa kwenu wanakuwa sehemu ya nyumba. Wa jirani ni mawindo. Paka vilevile: wa ndani analala naye, wa nje anapandishwa mwembe. Mnyama anayekimbia humwamsha mwindaji aliyemo ndani yake, na ukimwita wakati huo utakuwa unaita upepo wa kusi. Nje ya ukuta mshike kwa kamba, hasa kule ambako mbuzi hutembea barabarani. Ukuta uwe wa kupita mita moja na nusu. Wa chini ya hapo anauruka.

Ataliweza joto la Tanga?

Joto ndiyo, unyevu kidogo. Manyoya yake ni mafupi na babu zake wamezoea jua, lakini lile la Bulawayo ni jua kavu la nyanda za juu. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na hewa yetu ya Januari, kaskazi ikivuma na nguo zisizokauka kambani, haibebi mvuke wa kutosha. Mazoezi yafanyike alfajiri au baada ya magharibi. Banda la bati lililo chini chini ni tanuri. Bora kivuli cha mwembe na sakafu ya saruji. Akihema kupita kiasi, mate yakawa mazito, akaanza kuyumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, kisha mpeleke kwa daktari palepale.

Wenye mashamba ya mkonge wana nafasi nzuri ya kumkimbiza, ila si katikati ya mistari. Ncha ya jani la mkonge iko sawa na jicho la mbwa. Tumia barabara za shambani.

Pwani ni pazuri pia, maji yakikupwa. Angalia vitu viwili tu. Asinywe maji ya bahari, kwa hiyo beba chupa. Na asiokote samaki aliyetupwa na mawimbi, maana anaweza kuwa bunju, na sumu ya bunju huua mbwa mkubwa kama inavyoua mtu. Ukirudi nyumbani msuuze chumvi.

Ale nini?

Ugali na dagaa ni msingi mzuri kama dagaa wenyewe ni wengi na hawana chumvi. Ugali mtupu humfanya awe na tumbo na asiwe na misuli. Ongeza utumbo au mapupu yaliyochemshwa, yai, maboga. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, vitunguu hapana, zabibu na chokoleti hapana.

Mtoto asinenepeshwe. Mbwa wa umbo hili akikua haraka mno nyonga hulegea, na ukiongeza vidonge vya kalsiamu bila kuambiwa na daktari unazidisha. Mkubwa apewe mara mbili kwa siku, na apumzike baada ya kula. Mbwa wenye kifua kirefu hupata tatizo la tumbo kujaa gesi na kujipinda: anajaribu kutapika hakuna kinachotoka, tumbo limekaza kama ngoma. Hapo usingoje asubuhi. Ni suala la saa chache.

Chanjo na magonjwa ya kuogopa?

Kichaa cha mbwa kwanza. Mchanje akiwa na miezi mitatu, kisha rudia kila mwaka. Mara nyingi halmashauri hupitisha kampeni, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Akimuuma mtu, mbwa yeyote awaye, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Ugonjwa ukishaonyesha dalili hauna tiba. Usisahau pia chanjo ya distempa na ya parvo, maana parvo hufagia uzao mzima kwa wiki moja.

Kupe ni vita vya kila wiki pwani. Angalia masikioni, kwapani na kati ya vidole. Akikosa hamu ya kula, fizi zikapauka, au damu ikatoka puani, kuna uwezekano wa ugonjwa wa kupe, na vipimo vya damu vitaonyesha. Ukiishi au ukipita karibu na Saadani kuna jambo la ziada: mbung'o. Nagana, ugonjwa anaoueneza mbung'o, haishiki ng'ombe peke yake. Mbwa akipata homa, akakonda, na macho yakaingia ukungu mweupe, mwambie daktari kwamba mlikuwa porini, kwa sababu daktari wa mjini huenda asiwazie hilo haraka.

Sisi ni Waislamu. Tunaruhusiwa kumfuga?

Mimi si shekhe, na la mwisho muulize wenu. Ninachoweza kusema ni hiki. Qurani yenyewe, Surat Al-Maida aya ya 4, inazungumzia mawindo yanayokamatwa na wanyama waliofundishwa, na hadithi zinamtoa kwenye makatazo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mate yake ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo.

Kwa utaratibu wa nyumba ina maana gani? Banda lake mbali na mahali pa kuswalia na njia ya jikoni, vyombo vyake peke yake, na nguo ya kazi ya kumhudumia unayoivua kabla ya kuingia ndani. Nazijua familia zinazoishi hivyo na mbwa wao ana furaha. Lakini kama nyumba yenu haitamgusa kabisa na kazi yote mtamwachia kijana wa shamba, basi huyo kijana ndiye atakayekuwa mwenye mbwa. Siku akiacha kazi mtabaki na mgeni wa kilo 36.

Naweza kwenda naye kuwinda?

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, hapana, hata kwa sungura. Kwingineko, kuwinda wanyamapori bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kama nguruwe au ngedere wanakumalizia mihogo, anzia kwa ofisa wanyamapori wa wilaya kabla hujafungua kamba.

Pua yake unaweza kuipa kazi bila kumwaga damu. Funga kipande cha nyama kwenye uzi, kiburute shambani mita mia kwa kona mbili tatu, kifukie chini ya kifuu cha nazi, kisha mlete. Siku ya kwanza atahangaika. Akishaelewa, mpe njia iliyokaa nusu saa, kisha saa nzima. Mbwa aliyechoka kichwa hatafuni viatu.

Anafundishika? Wa kwangu ananitazama tu.

Amekuelewa. Anapima kama ina maana. Mwite mara moja, mpe kipande cha dagaa akija, maliza mapema kabla hajachoshwa. Ukimwambia "kaa" mara kumi mfululizo, ya nne atakaa na ya tano ataondoka. Anza akiwa na miezi miwili: mzoeshe bodaboda, watoto wa madrasa wanaopita, ngoma ya harusi, wanawake wa buibui na wanaume wa kofia. Asichokiona utotoni atakishuku ukubwani.

Anaishi miaka mingapi?

Kumi hadi kumi na miwili. Ule msemo wetu wa "Tanga, waja leo waondoka leo" husemwa kwa mzaha juu ya mgeni anayedhani ataondoka, kumbe kesho hatakumbuka kwao. Ridgeback ni mgeni wa aina hiyo. Ukijua utahamia ghorofani Dar mwaka ujao, subiri.

Mkia akatwe?

Hapana. Unatakiwa mzima, uliopinda kidogo juu, bila kujikunja. Masikio nayo yaachwe yaning'inie.